Bodi ya kamera nunua mwisho: mwongozo kamili wa vifaa vya picha na kompyuta ya kuhariria

Mpwa wangu alishuka Dar kutoka Muheza na bahasha ya kaki yenye pesa taslimu, na juu ya bahasha ameandika jina la kamera moja. Megapikseli 45. Alitaka nimsindikize Kariakoo asubuhi ile ile kabla hajanywa hata chai. Nikamuuliza, "Lenzi utatumia ipi?" Akasema, "Si inakuja nayo, mjomba?" Haiji nayo. Halafu kompyuta aliyoiacha nyumbani ilikuwa na RAM ya GB 4, na faili moja tu la kamera ile lingetosha kuipiga butwaa.

Hatukwenda Kariakoo siku hiyo. Tulikaa barazani na daftari, tukapanga manunuzi kuanzia mkiani: mteja anaitazama picha wapi, inahaririwa kwenye mashine gani, inapigwa kwenye mwanga gani. Kamera yenyewe, yaani bodi bila lenzi, tukaiweka ukurasa wa mwisho. Haya hapa chini ni ya kwenye daftari lile, ingawa nimeyapanga kwa mtiririko wa kusoma na si wa kununua, pamoja na mambo machache ambayo mimi niliyajua baada ya kuliwa pesa.

Hatua ya 1: Taja kazi itakayokulipa

Swali la "kamera nzuri ni ipi" halijibiki mpaka useme unapiga nini. Anayefuata wanyama Mikumi au Serengeti anahitaji lenzi ya milimita 400 kwenda juu, na pesa yake karibu yote itaishia hapo. Anayeuza viatu mtandaoni anahitaji tripodi, dirisha na shuka jeupe. Kamera yoyote ya miaka kumi iliyopita itamfaa. Mwenye kibanda cha picha za pasipoti anahitaji taa mbili na printa kuliko kitu kingine.

Mpwa wangu anataka harusi, sendofu, kipaimara na picha za familia. Mwongozo huu unasimama hapo: usiku, ukumbi wenye taa za rangi, watu wasiotulia, na ngozi nyeusi pembeni ya gauni jeupe. Ni mazingira magumu kwa kamera, kwa hiyo vifaa vinavyoyaweza vitakufaa kwingine pia.

Sasa fanya hesabu ya megapikseli, maana ndiyo inayowapofusha wengi. Picha ya A4 iliyochapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi ina nukta 2480 kwa 3508, yaani megapikseli (mamilioni ya nukta) 8.7. A3 ni kama 17.4. Skrini ya simu yenye nukta 1080 kwa 2400 haifiki hata megapikseli 3, na WhatsApp ikishaibana picha inabaki ndogo zaidi. Albamu ya harusi iliyofunguliwa kurasa mbili itataka kama za A3. Kwa hiyo megapikseli 20 hadi 24 zinatosha na chenji inabaki. Zile 45 ungezilipia mara tatu: kwenye kamera, kwenye memori kadi, na kwenye kompyuta inayolazimika kuzibeba.

Hatua ya 2: Igawe pesa kabla hujaingia dukani

Kila mtu ana mgawo wake. Wangu, kwa anayeanza na hana chochote, katika kila shilingi 100 uko hivi: kompyuta pamoja na skrini 35, lenzi 25, bodi ya kamera 20, flashi na vishikizi vyake 10, memori kadi, diski na betri za akiba 10. Wenzangu wananicheka kwa ile 35 ya kompyuta. Lakini siku ya harusi kamera inafanya kazi saa nane, halafu kompyuta inafanya kazi siku nne, na ucheleweshaji ndio unaokukosesha mteja wa pili.

Kama tayari una kompyuta ya maana, ile 35 usiitie kwenye bodi. Itie kwenye lenzi.

Hatua ya 3: Chagua mdomo

Pale mbele ya bodi, lenzi inapokazwa, ndipo unapofunga ndoa. Bodi utaibadilisha baada ya miaka michache. Lenzi utakaa nazo, na lenzi za mdomo mmoja haziingii mdomo mwingine bila kiunganishi. Canon walianza mdomo wao wa EF mwaka 1987, na mwaka 2018 wakaleta RF kwa kamera zisizo na kioo ndani. Nikon walikuwa na F tangu 1959, nao wakahamia Z mwaka huo huo wa 2018. Sony wana E tangu 2010.

Hii ina maana moja kubwa kwa mwenye bajeti ya kubana. Wapiga picha wa nchi tajiri walipohamia kwenye kamera zisizo na kioo, waliuza vile vya zamani, na lenzi za EF na F zilizotumika ziko tele. Vioo vya lenzi hizo havikuharibika kwa sababu ya mtindo kubadilika. Ukiwa na lenzi za EF leo, kesho unaweza kuzitumia kwenye bodi ya RF kwa kiunganishi cha Canon chenyewe, na fokasi inashika vizuri tu. Njia ya kurudi, RF kwenda EF, haipo.

Kabla hujachagua, uliza marafiki zako wa kazi wana mdomo gani. Siku lenzi yako itakapoanguka saa kumi na mbili jioni huku bibi harusi yuko saluni, utaazima kwa jirani. Hilo lina uzito kuliko mapitio yote ya mtandaoni.

Kuna mitego miwili hapa. Kwanza, lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S hazikai kwenye bodi zao za EF zenye kihisi kikubwa (kihisi ndicho kinachopokea mwanga ndani ya bodi). EF za kawaida zinakaa kote. Pili, bodi ndogo za Nikon, yaani familia za D3000 na D5000 mfano D3500 na D5600, hazina mota ya fokasi ndani. Ukizivisha lenzi za zamani za AF-D utazungusha fokasi kwa mkono usiku kucha. Tafuta lenzi zilizoandikwa AF-S, au panda kwenye bodi yenye mota kama D7200 au D750.

Hatua ya 4: Lenzi, hapa usibane mkono

Lenzi inayokuja kwenye boksi, ile ya 18-55, ukiivuta mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mara kumi! Ina maana mahali ambapo lenzi ya boksi inakulazimisha kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 6400, hii inakuruhusu kubaki kama 640. Hakuna bodi utakayoinunua ikakupa faida hiyo kwa bei hiyo, kwa sababu 50mm f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa kwa Canon, Nikon na Sony.

Kumbuka tu kihisi kidogo kinakata pembeni. Kwenye bodi ya Canon yenye kihisi cha APS-C, yaani kile kidogo, 50 inaona kama 80. Kwenye Nikon na Sony za aina hiyo inaona kama 75. Ni nzuri kwa sura, lakini ukumbini utarudi nyuma mpaka ugonge meza ya kamati.

Kwa harusi, mpango wangu ni lenzi mbili. Moja pana ya kuvuta, 24-70 f/2.8 kwa kihisi kikubwa au 17-50 f/2.8 kwa kidogo. Zipo za Tamron na Sigma zilizotumika, na hazina aibu yoyote. Ya pili ni 85mm f/1.8 kwa sura, machozi na vicheko vya mbali. Ile 70-200 f/2.8 kila mtu anaitamani. Ikodi kwanza harusi tatu, uone kama mgongo na mteja wanaihitaji.

Halafu usidanganywe na herufi za kutuliza mtikisiko, IS, VR na OSS. Zinatuliza mkono wako. Shangazi anayecheza na kutunza hazimtulizi.

Hatua ya 5: Sasa bodi

Kile kinachopokea mwanga ndani ya bodi wengi tunakiita sensa, ingawa jamaa mmoja aliwahi kuniuliza kama inahusu kuhesabu watu na makazi. Basi tuite kihisi. Kikubwa kina milimita 36 kwa 24. Cha APS-C cha Nikon na Sony ni kama 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni 22.3 kwa 14.9. Kwa eneo, kikubwa ni zaidi ya mara mbili ya vile vidogo. Mwanga mwingi zaidi unakusanywa, chembe za usiku, yale madoadoa ya picha za gizani, zinapungua.

Lakini kwa kazi yetu kuna jambo linalozungumzwa kidogo mno kwenye mapitio yanayoandikwa ughaibuni. Mita ya kamera haijui uso wala shela. Inatafuta wastani wa kijivu. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso mweusi wa bibi harusi unazama gizani. Ukisogea kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi, inaongeza, na shela linaungua likabaki karatasi tupu. Dawa yake ni kupima mwanga kwa kulinda shela lisiungue, kupiga RAW (faili ghafi la kamera, halijabanwa kama JPEG ya kawaida), kisha kuinua uso kwenye kompyuta. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, ndiyo maana uso unainuka bila kupasuka rangi na kugeuka majivu.

Kwa hiyo ulizia kihisi kinavumilia kiasi gani kuinuliwa kwenye giza. Nikon D750 ya mwaka 2014 inavumilia sana. Canon 5D Mark III ya 2012 ni farasi wa kazi, lakini ukiinua giza kwenye ISO ndogo inatoa michirizi na chembe mapema kuliko D750. ISO ikipanda tofauti inafifia. Sony a7 III ya 2018 inavumilia, na fokasi yake inashika jicho la mtu na kulifuata, kitu ambacho ukikizoea huwezi kurudi nyuma. Canon 6D ina picha safi usiku kwa bei ya chini zaidi, ila ina tundu moja tu la memori kadi.

Na hapo ndipo ninapoichomoa kwenye orodha ya harusi. D750, 5D Mark III na a7 III zina matundu mawili: picha moja inaandikwa kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Harusi hairudiwi. Ukipoteza picha za bidhaa unaomba radhi na kupiga upya. Ukipoteza picha za ndoa, kikao cha familia mbili kinakungoja.

Tulimwandikia mpwa: D750 iliyotumika, na isipopatikana yenye hali nzuri, 5D Mark III.

Hatua ya 6: Kukagua kilichotumika

Nenda mchana. Beba memori kadi yako, betri nne ndogo kwa ajili ya flashi, tochi na mtu wa pili. Muuzaji atakuita bosi na kukuharakisha. Mwitikie kwa upole na uendelee na orodha yako.

Anza na lenzi. Itoe, fungua tundu lake lote, mulika tochi kutoka upande mmoja ukiangalia upande wa pili. Vumbi kidogo ni kawaida. Unachotafuta ni nyuzi kama utando wa buibui, kwa kawaida pembeni ya kioo: hiyo ni kuvu. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu wa hewa ni chakula chake, na lenzi iliyolala kabatini muda mrefu ndiyo inayoliwa. Ikiwa nayo, iache hata kwa nusu bei. Angalia pia majani ya tundu yasiwe na mafuta, na zungusha pete zote uone kama zinakwaruza.

Kwa bodi, piga picha ya ukuta mweupe au anga kwenye f/16, kisha ikuze. Madoa yanayofutika kwa kupulizwa na pampu ya mpira ni vumbi. Yanayobaki yaweza kuwa mafuta au mikwaruzo, na usafishaji wake ni gharama yako. Jaribu matundu yote ya kadi, kila kitufe, kila gurudumu, na pale juu flashi inapokaa. Fungua menyu: kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani pekee zina menyu ya Kijapani tu.

Kisha uliza shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga picha, imefyatuka mara ngapi. Watengenezaji hutoa makadirio: 150,000 kwa D750 na 5D Mark III, 100,000 kwa 6D na 80D. Si kwamba inakufa siku ikifika hapo, ni kama kilomita za gari. Kwa Nikon idadi imeandikwa ndani ya faili la picha lenyewe, kwa hiyo piga moja na uisome kwenye kompyuta. Kwa Canon nyingi utahitaji waya na programu maalumu. Muuzaji akisema "hii ilikuwa ya mzungu mmoja, alipiga mara chache tu", mwambie, sawa kaka, tuhesabu.

Mwisho linganisha namba ya bodi na ya kwenye boksi kama lipo, na udai risiti yenye namba hiyo. Kamera ya wizi itakuletea polisi mlangoni hata kama ulilipa kihalali.

Ukifika nayo nyumbani usiifungie kabatini ndani ya begi. Sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti kubwa za silika, na kipimo kidogo cha unyevu kikisoma kati ya asilimia 40 na 50, basi. Mchele usiuweke, una vumbi lake na wadudu wake.

Hatua ya 7: Flashi, si ile ya kuchomeka

Nazungumzia taa, si diski ndogo ya kubebea nyimbo. Godox wameteka soko kwa sababu wanauza taa za bei ya chini zinazosikilizana kwa redio. TT600 haipimi mwanga yenyewe, unaipangia kwa mkono, na kwa kujifunza hakuna mwalimu mzuri kuliko huo. TT685 inapima yenyewe. Anza na moja juu ya kamera, ya pili iweke pembeni ya ukumbi kwenye stendi, iwashwe kwa redio. Tumia betri za kuchaji zilizo bora. Za kawaida zitakuishia kabla keki haijakatwa.

Flashi usimpige mtu usoni moja kwa moja, ielekeze darini au ukutani irudi laini. Ila kumbi zetu zina ugonjwa wake: wapambaji wanafunika dari kwa vitambaa. Ukigonga mwanga kwenye kitambaa cha zambarau, unarudi wa zambarau, na kamati nzima inaonekana kama imekabwa koo. Fika mapema, tazama dari, chagua ukuta mweupe au beba mwavuli mdogo wa kupigia mwanga.

Hatua ya 8: Memori kadi

Faili la RAW la megapikseli 24 lina kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba picha elfu mbili hivi. Nunua kadi nne za GB 64 badala ya mbili za 128. Mayai usiyaweke kapu moja. Kwenye lebo tafuta V30, yaani haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde wakati wa kuandika.

Kadi feki ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote mjini. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa GB 128. Kompyuta nayo iliisoma hivyo hivyo, kumbe ndani ina sehemu ndogo tu na iliyobaki ni uongo uliochorwa. Ilipojaa ilianza kuandika juu ya picha za zamani. Picha za walima zilienda hivyo. Tangu siku hiyo kila kadi mpya naipima kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwa wenye Linux na Mac: programu hizo ni za bure, zinaijaza kadi yote kisha zinasoma upya kuhakiki. Inachukua saa moja au zaidi. Ifanye siku ile ile, ungali na risiti na sura ya muuzaji hujaisahau.

Hatua ya 9: Kompyuta

Hapa ndipo stika inapouza. Watu wanaingia dukani wakiuliza "ina i7?" kana kwamba ni jina la ukoo wa kifalme. Tazama mfano huu wa prosesa, ubongo wa kompyuta: i7-6600U ina viini viwili vya kufanyia kazi. i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina vinne. Kwenye kutoa picha 800 za harusi kuwa JPEG, hiyo i5 itaiacha i7 mbali. Soma namba yote: tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni kizazi (mbili za kwanza kuanzia kizazi cha 10), herufi ya mwisho ni tabia. U inabana umeme na inapungua kasi ikipata moto. H ina nguvu na inakula chaji. Kwa Intel usiende chini ya kizazi cha 8, kwa sababu hicho ndicho Windows 11 inakianzia rasmi, na Windows 10 ilifungiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

RAM: GB 16 ndiyo sakafu. Ukiunganisha picha nyingi au kufanya kazi ya tabaka nyingi, 32. Kabla ya kununua kompyuta mpakato, uliza kama RAM inaongezeka au imechomelewa. Kwenye MacBook za M1, zilizotoka Novemba 2020, na zilizofuata, haiongezeki kabisa. Ya GB 8 ni ya mwanafunzi, tafuta ya 16 hata kama ni ya kizazi cha nyuma zaidi.

Diski: SSD bila mjadala. Diski ya zamani inayozunguka inasoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya SATA inafika kama 550, na ya NVMe inapita elfu kadhaa. Kama una mashine ya zamani na pesa kidogo, kubadili diski na kuongeza RAM ndiyo tiba ya kwanza. Fundi wa mtaani anaimaliza wakati unakunywa soda. Weka GB 512 za kazi ya sasa, harusi zilizokwisha zihamie diski ya nje.

Kadi ya michoro ilikuwa haijalishi sana kwa picha za kawaida. Tangu Lightroom, programu ya kuhariria picha, ipate kifaa cha kusafisha chembe kwa akili bandia, Aprili 2023, imeanza kujalisha: kazi ya sekunde chache kwenye kadi nzuri inaweza kuchukua dakika kadhaa bila hiyo. Kama kumbi zako ni za giza na unatumia kifaa hicho kila mara, ilipie. Kama hutumii, pesa hiyo ipeleke kwenye skrini.

Mezani au mpakato? Kwa pesa ile ile, ya mezani ina nguvu zaidi, haipati moto, na inafunguka kwa bisibisi. Nami ningeichagua, ila umeme wetu unamtaka mwenye ya mezani awe na UPS, ile betri ya dharura. Mpakato una betri yake. Zile za ofisini kutoka Ulaya na Dubai, ThinkPad, Latitude, EliteBook, ni imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo zinazong'aa. Udhaifu wake ni skrini, na tutafika.

Dukani ingia na diski ndogo yenye faili zako 20 za RAW. Zifungue, zitoe, sikiliza feni inavyolia. Pima afya ya SSD kwa CrystalDiskInfo. Kwa betri, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Itakuonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo imebaki na ngapi. Muuzaji akikataa majaribio haya, duka la jirani liko wazi.

Hatua ya 10: Skrini inayosema kweli

Miaka ya nyuma nilihariri sendofu moja ambayo sare ilikuwa damu ya mzee. Kwenye mpakato wangu ilikuwa imekaa vizuri, nikaipoza kidogo. Albamu ikachapwa: wanawake arobaini wamevaa kahawia ya udongo. Mama mwenye shughuli aliangalia, akafunga albamu taratibu, akasema, "Baba, hivi vitambaa vyetu umevifua kwa nini?" Nililipia uchapaji wa pili kutoka mfukoni.

Kosa lilikuwa kioo. Mipakato mingi ya ofisini ina skrini ya 45% NTSC, na hiyo kwa lugha nyepesi inaonyesha chini ya theluthi mbili za rangi za sRGB, kiwango ambacho simu na mtandao vinatumia. Nyekundu zinazama, na wewe unazirekebisha kwa kitu ambacho hakipo. Unataka skrini ya IPS, aina ya kioo kisichobadili rangi sana ukikitazama pembeni, yenye sRGB 100%, au walau zaidi ya 95. Ikiandikwa 72% NTSC ni karibu sawa na hiyo. Ya aina ya TN usiiguse. Ukiinamisha kichwa tu rangi ya ngozi inabadilika.

Kama mpakato wako una kioo kibovu usiuuze. Nunua skrini ya nje ya inchi 24 ya IPS, iunganishe, na kile kioo kidogo kibaki cha menyu na muziki. Kisha ipime kwa kipima rangi, Spyder au Calibrite. Ni ghali kwa mtu mmoja na kinatumika mara moja kwa mwezi, basi changishaneni watano mnunue kimoja. Punguza mwangaza: skrini mpya zinakuja kali mno, ukihariri nayo hivyo picha zinachapwa na giza. Lenga kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Na chumba chenye ukuta wa pinki kitakudanganya hata ukiwa na skrini ya thamani ya bajaji.

Hatua ya 11: Programu

Lightroom na Photoshop zinalipiwa kila mwezi. Kama huna kipato cha kudumu bado, darktable na RawTherapee zinafungua RAW bure na kihalali, na GIMP itakutolea chunusi. darktable ina vitufe vingi kama jopo la rubani. Vumilia wiki mbili. Zile zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwa diski mitaani nimeona zikiingia na virusi vilivyofunga picha zote za mtu. Pia ukinunua kamera mpya huku una programu ya zamani, faili zake huenda zisifunguke. Adobe wana kigeuzi cha bure cha kuzibadili kuwa DNG, programu ya zamani ikazisoma.

Hatua ya 12: Akiba na umeme

Harusi moja ya picha 1,500 ni kama GB 45. Harusi 40 kwa mwaka zinafika TB 1.8. Nunua diski mbili za nje za TB 2, zenye yale yale, moja ikae nyumbani na nyingine kwa ndugu mtaa mwingine. Zilizohaririwa zipandishe mtandaoni usiku kifurushi kikiwa nafuu. Kadi usiifute mpaka picha ziwe sehemu mbili na umefungua chache kuhakikisha.

UPS hainunuliwi ili uendelee kufanya kazi gizani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu, na inaikinga mashine umeme unaporudi kwa kishindo. Diski inayoandikwa wakati umeme unakata ndiyo inayopoteza faili.

Mpwa alirudi Muheza na D750 yenye shata 41,000, lenzi ya 50 na ya 85, TT600 mbili, kompyuta ya mezani ya kizazi cha 8 na skrini ya IPS. Lenzi pana anaikodi. Wiki ya tatu akanipigia usiku, sauti juu, nyuma yake kitu kinalia pii, pii, pii. "Mjomba, umeme umekata, UPS inapiga kelele, nimebakiza picha mia mbili, nifanye nini?"

Nikamwambia: hifadhi, zima, kalale.